Klachi unayoichoma kwenye foleni ya Tegeta ndiyo utakayoihitaji mteremkoni Wami

Lori limepakia saruji Wazo Hill, Tegeta, asubuhi. Safari ni ya Moshi. Mbele kuna foleni ya Boko na Bunju, kisha Mapinga, Kerege, Bagamoyo, kipande cha kilomita 64 mpaka Msata, halafu bonde la Mto Wami.

Kwa anayeangalia kutoka pembeni, sehemu ya hatari ni moja tu: mteremko wa Wami. Lakini kwa fundi wa malori, hatari inaweza kuwa imeanza saa kadhaa nyuma, pale dereva alipokuwa anasogeza lori hatua kwa hatua kwenye foleni huku mguu wa kushoto umeegeshwa kwenye klachi.

Mambo haya mawili yanahusiana, na uhusiano wenyewe uko hivi.

Klachi inafanya kazi gani?

Kwa lugha rahisi, klachi ni daraja kati ya injini na gia boksi. Ndani yake kuna sahani yenye nyenzo ya kukwaruza, imebanwa kwa springi kali kwenye gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Ikibanwa vizuri, injini na matairi vinazunguka kama kitu kimoja. Dereva akikanyaga pedali, sahani inaachiwa, na injini inazunguka peke yake.

Shida iko katikati, yaani pale klachi haijashika kabisa na haijaachia kabisa. Hapo sahani inateleza, inasuguana na kutoa joto. Kwenye gari dogo joto hilo ni la kuvumilika. Kwenye lori ni hadithi nyingine.

Gari dogo la injini ya lita 1.5 lina nguvu ya kuzungusha ya Nm 140 hivi. Howo 371, moja ya malori yanayoonekana sana barabara zetu, injini yake inafika Nm 1,500. Ni zaidi ya mara kumi. Weka na mzigo: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kusimamiwa Tanzania Machi 2019, inaruhusu uzito wa juu wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo. Kitu hicho chote kinaondoka kwa kutegemea msuguano wa sahani moja au mbili tu.

Mbona gia nyingi hivyo?

Dereva wa gari dogo akipanda lori mara ya kwanza anashangaa: gia 10, mengine 12, mengine 16. Si mapambo.

Injini ya petroli inaweza kuzunguka mara 6,000 kwa dakika. Injini kubwa ya dizeli inafanya kazi yake nzuri kati ya mizunguko 1,000 na 1,800 hivi, na mwisho wake ni karibu 2,200. Uwanja wake ni mdogo. Ili lori litoke kwenye kusimama mpaka kilomita 80 kwa saa bila injini kutoka nje ya uwanja huo, lazima ngazi ziwe nyingi na fupi.

Kwenye gia boksi nyingi za gia 10, gia ya kwanza inaongeza nguvu ya injini karibu mara 14, na gia ya kumi haiongezi kitu. Kila gia inapishana na ya jirani kwa karibu theluthi moja. Hii namba ikae kichwani, itarudi tukifika Wami.

Kwa sababu mkono wa gia hauwezi kuwa na matundu kumi, nafasi zile zile zinatumika mara mbili. Kuna upande wa gia nzito, namba 1 mpaka 5, na upande wa gia nyepesi, 6 mpaka 10. Kuhama upande kunafanywa na upepo: kwa swichi ndogo kwenye kichwa cha mkono wa gia, au kwa kuusukuma mkono pembeni, inategemea lori. Malori mengine yana swichi ya pili inayogawa kila gia nusu mbili, na hapo ndipo namba zinafika 12 au 16.

Kanuni ya swichi ni moja: kurudi upande wa gia nzito lori likiwa kwenye kasi ni kuvunja gia boksi. Punguza mwendo kwanza, ndipo uhame.

Foleni ya Tegeta: hapa ndipo klachi inapokufa

Barabara ya pwani inadanganya. Tegeta mpaka Bagamoyo hakuna mlima wa kutisha, kwa hiyo dereva anaona klachi inapumzika. Ukweli ni kwamba klachi haichoki kwa kilomita, inachoka kwa idadi ya kuondoka. Lori linalokimbia kilomita 60 bila kusimama linatumia klachi kidogo kuliko lile lililoondoka mara 100 ndani ya kilomita tano.

Makosa makubwa kwenye foleni ni manne.

*1. Kuondoka na gia ya juu.* Dereva anaona gia ya kwanza ni polepole mno, anaondoka na ya tatu au ya nne huku amepakia. Lori litaondoka, ndiyo, lakini klachi itateleza muda mrefu kabla haijashika. Mwenye mzigo mzito aondoke na ya kwanza, au ya pili kama barabara ni tambarare. Gia za juu zaidi ni za lori tupu.

*2. Kukanyaga mafuta kabla klachi haijashika.* Kwenye tambarare, injini ya dizeli ya lori ina nguvu ya kuondoa mzigo ikiwa kwenye mzunguko wake wa kawaida wa kusimama, 600 hivi. Achia klachi taratibu bila mafuta, lori lisogee lenyewe, mguu wa kushoto utoke kabisa, ndipo ukanyage mafuta.

*3. Kushikilia lori kwa klachi.* Barabara imeinuka kidogo, mbele wamesimama, dereva anacheza na klachi na mafuta ili lori lisirudi nyuma. Dakika moja ya mchezo huo ina joto kuliko safari nzima ya Bagamoyo. Kazi ya kushikilia ni ya handbreki. Ukitaka kuondoka: handbreki imeshika, gia nzito, inua klachi mpaka usikie injini imeanza kubeba, achia handbreki, ondoka.

*4. Kuegesha mguu.* Mguu ukikaa juu ya pedali, hata kwa uzito mdogo, beringi ya klachi inazunguka muda wote na springi hazibani kwa nguvu zote. Kama foleni imesimama kabisa, weka nyutro, vuta handbreki, toa mguu.

Dawa ya foleni ni uvumilivu. Badala ya kufukuzia kila mita mbili inayofunguka mbele, acha nafasi, kisha tembea na gia ya kwanza bila kugusa klachi. Bajaji watachomekea, ndiyo. Klachi itabaki.

Bagamoyo mpaka Msata: kubadili gia bila kupigana na lori

Ukishapita Bagamoyo, ukavuka bonde la Ruvu na kuanza kupanda kuelekea Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi, barabara inaanza kupanda na kushuka. Hapa dereva mzuri anajulikana kwa sikio na kwa mshale wa mzunguko wa injini.

Kupandisha gia ni rahisi. Mshale ukifika 1,700 au 1,800 kwenye mwinuko, unapandisha gia moja, na injini inashuka mpaka 1,300 hivi, bado iko kwenye nguvu. Kwenye tambarare hakuna haja ya kusubiri 1,800. Unapandisha mapema, 1,400 hivi, mafuta yanaokolewa.

Kosa la kwenye mwinuko ni kusubiri mno kushusha gia. Injini inazama mpaka 900, lori linatetemeka, ndipo dereva anashtuka. Wakati anakanyaga klachi, mzigo unaendelea kulivuta lori nyuma, na kasi aliyopangia gia ile imeshapotea. Anakosa gia, anasimama katikati ya kilima, na sasa anatakiwa aondoke na tani zote hizo kwenye mwinuko. Klachi inalipa. Shusha gia mshale ukiwa bado kwenye 1,100 au 1,200, na kwenye mwinuko mkali ruka gia moja kabisa.

Gia zinapolia

Mlio ule wa chuma kwa chuma unatokea pale gia mbili zinazotakiwa kuumana zinapozunguka kwa kasi tofauti. Gia boksi nyingi za Ulaya na baadhi ya za Kichina zina sinkronaiza, yaani pete ndogo zinazosawazisha kasi kabla gia hazijaumana. Nyingine, hasa zile za asili ya Kimarekani za Fuller zilizoko kwenye Freightliner na jamaa zake, hazina pete hizo kwenye gia kuu. Hapo kusawazisha ni kazi ya dereva.

Njia yake ni kupiga klachi mara mbili:

- Kanyaga klachi, toa gia, weka nyutro.
- Achia klachi. Kama unapandisha gia, subiri kidogo injini ishuke. Kama unashusha, gusa mafuta injini ipande.
- Kanyaga klachi tena, ingiza gia, achia.

Inaonekana kazi nyingi, lakini kwa aliyezoea ni sekunde moja na ushee. Hata kwenye lori lenye sinkronaiza, njia hii inasaidia pete zikishaanza kuisha. Kulazimisha gia kwa nguvu ya mkono hakusaidii kitu. Unasaga meno tu.

Wami: gia inachaguliwa juu, si katikati

Ukitoka Msata, ukapita Mandera, barabara inashuka kwenda Mto Wami. Madereva wa zamani wanalikumbuka vizuri daraja lililojengwa mwaka 1959: jembamba, magari yanapishana kwa zamu, na mteremko kila upande. Daraja jipya, lenye urefu wa mita 513.5, limerahisisha mambo sana. Lakini daraja halifuti bonde. Lori bado linashuka, na mzigo bado unasukuma.

Ili kuelewa ukubwa wa kazi, fanya hesabu hii. Lori la tani 56 likishuka kimo cha mita 50 tu, nishati ambayo lazima izuiliwe inatosha kuchemsha karibu lita 90 za maji, yaani zaidi ya ndoo nne za lita 20. Kama breki peke yake ndiyo inazuia, joto lote hilo linaingia kwenye dramu na lainingi za matairi. Dramu zikipata moto zinapanuka, lainingi zinapoteza mshiko, dereva anakanyaga pedali na haoni kitu. Akizidi kupampu, upepo kwenye mitungi unapungua.

Ndiyo maana mteremkoni anayeshika lori ni injini, na breki ni msaidizi. Dereva akitoa mguu kwenye mafuta huku gia imeingia, matairi ndiyo yanaizungusha injini, na injini inakataa. Akiwasha breki ya injini, ile inayoziba moshi usitoke kirahisi, inakataa zaidi. Kadiri gia inavyokuwa nzito na mzunguko unavyokuwa juu, ndivyo inavyoshika.

Kanuni ya zamani inasema: shuka na gia ambayo ungepandia. Bado ni nzuri, ila malori ya siku hizi yana nguvu na yanapanda na gia nyepesi, kwa hiyo salama zaidi ni kwenda gia moja chini ya hiyo. Breki ya mguu itumike kwa kukanyaga kwa uthabiti, kupunguza mwendo, kisha kuachia kabisa ili ipoe. Usiiburuze mteremko mzima.

Na uchaguzi unafanyika kabla mteremko haujaanza. Kumbuka ile theluthi. Mshale uko 1,300, ukishusha gia moja unaruka mpaka 1,740 hivi. Gia mbili, unapita 2,300, na injini mwisho wake ni 2,200. Maana yake, lori likishashika kasi, mlango wa kurudi kwenye gia nzito umefungwa. Unaweza kujaribu, lakini utakachopata ni gia kukataa, na wewe umebaki nyutro.

Nyutro: lita chache kwa roho ya mtu

Hapa ndipo penye mjadala mkubwa vijiweni. Wapo madereva wanaotoa gia mteremkoni na kuliacha lori liserereke, wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye baadhi ya safari dereva hupewa mafuta kwa hesabu, na kinachobaki ni afadhali yake. Kwa hiyo si ujinga tu, ni njaa pia.

Lakini hesabu inawakataa. Kwenye injini ya dizeli, gia ikiwa imeingia na mguu umetoka kwenye mafuta, mafuta yanakatwa, kwa sababu matairi yanatosha kuizungusha. Ukiweka nyutro, injini lazima ijizungushe yenyewe, kwa hiyo inakunywa. Kinachowadanganya ni kwamba lori linaserereka mbali zaidi. Linaserereka kwa sababu hakuna kinacholishika.

Hasara nyingine hazionekani haraka. Injini ikiwa imeshuka mpaka 600, kompresa inajaza upepo polepole, wakati ambapo breki ndiyo zinauhitaji zaidi. Breki ya injini haina kazi tena. Na kurudi kwenye gia ni vigumu: kwa kilomita 80 kwa saa, hata gia ya juu kabisa inataka injini ipandishwe mpaka 1,500 hivi ndipo iingie, na hiyo gia yenyewe haishiki sana.

Kama breki zimeshapoteza mshiko, nafasi zilizobaki ni chache: honi na taa mfululizo ili walio mbele watoke, kujaribu gia yoyote inayokubali, kutumia handbreki kwa kuvuta kidogo kidogo badala ya mara moja, na kutafuta sehemu yenye mwinuko, vichaka au mchanga mbali na watu. Hakuna hata moja iliyo ya uhakika. Uhakika ulikuwa juu, kabla ya kushuka.

Sasa klachi ya Tegeta inaingia wapi?

Inaingia hapa. Ili injini ishike lori, nguvu lazima ipite kwenye klachi. Klachi iliyoungua haibani vizuri. Asubuhi ilikuwa inateleza kidogo wakati wa kupanda, na mteremkoni inaweza kuteleza pia, matairi yakazidi kukimbia huku injini ikiwa nyuma. Na klachi isiyoachia vizuri inafanya gia zikatae kuingia pale unapozihitaji.

Dalili za kuangalia kabla ya kufika Msata:

- Harufu ya kuungua ndani ya kabini baada ya foleni.
- Ukikanyaga mafuta kwenye gia ya juu, mshale wa mzunguko unaruka lakini kasi haiongezeki.
- Pedali inaanza kushika juu kabisa, au imekuwa laini kupita kawaida.
- Gia ya kwanza na rivasi zinalia lori likiwa limesimama.
- Lori linatetemeka wakati wa kuondoka.

Ukiona mojawapo, tafuta fundi ukiwa bado tambarare. Bagamoyo kuna mafundi. Katikati ya mteremko hakuna.

Malori yasiyo na pedali ya klachi

Scania na Volvo mpya nyingi hazina pedali ya tatu, kompyuta ndiyo inabadili gia. Lakini klachi bado imo ndani, na bado inaungua. Dereva akishikilia lori kwenye mwinuko kwa kukanyaga mafuta kidogo, anafanya kosa lile lile. Mteremkoni pia, kompyuta haioni bonde lililo mbele kama wewe unavyoliona. Hamia kwenye kuchagua gia kwa mkono, na washa breki ya injini au ritada mapema.

Hata kama huendeshi lori

Abiria wa basi, dereva wa gari dogo na bodaboda nao wako kwenye hesabu hii. Lori linaloshuka polepole, injini inanguruma, halijachoka. Dereva wake anafanya kazi sawasawa. Ukilipita na kujichomeka mbele yake kisha ukakanyaga breki, umemlazimisha atumie breki aliyokuwa anaitunza.

Leseni ya Daraja E inampa mtu ruhusa ya kushika usukani wa lori. Mafunzo ya kulimudu yapo, ikiwemo kwenye Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, na vyuo vya VETA. Na kwa tajiri anayehesabu gharama: klachi mpya ni ghali, lakini bei yake inajulikana.

Anayetoka Tegeta leo akumbuke mambo matatu tu. Ondoka na gia nzito bila mafuta. Toa mguu kwenye klachi. Na ukiliona bonde la Wami, shusha gia ukiwa bado juu.